Mama wa Mwaloni na upepo uliokosekana: bana ya gesi inavyopumua

Wiki iliyopita nilishuka Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa kwetu Mwanza, kutafuta dagaa nikamkuta mama mmoja anakaanga sangara kwenye karai kubwa, jiko lake ni lile la gesi la chuma wanalochomelea mafundi wetu wa mtaani, na moto unatoka wa njano umelamba karai mpaka kwenye mikono yake, upepo wa ziwa ukija kidogo tu moto wote unalala upande mmoja kama nyasi. Nikamsalimia, mwangaluka mama, akaitika, na hata hajaniuliza mi ni nani akaanza kunimwagia malalamiko kwamba gesi siku hizi wanapunja, mtungi wa kilo 15 zamani alikuwa anaenda nao wiki nzima sasa hivi siku ya nne au ya tano unakata. "Baba, hawa watu wanatujazia upepo humu ndani."

Nilicheka, sio kwa dharau. Nikapitisha kidole chini ya sufuria yake ya pembeni kikatoka cheusi mpaka kwenye pingili. Nikamwambia mama, upepo ndo kitu jiko lako linalilia, hauna kabisa.

Mi ni mkufunzi wa ufundi, kazi yetu karakanani ni kufundisha vijana kutengeneza na kupima majiko, na hili la hewa naona watu wengi hawajawahi kuelezwa na mtu yeyote. Mtu akiona moto hauna nguvu anaongeza gesi. Hata fundi aliyemtengenezea jiko anamwambia fungua zaidi. Wakati mara nyingi kinachotakiwa ni kuongeza hewa, na ukishaongeza hewa gesi unaipunguza.

Ngoja niweke hesabu yake kwa ndoo. Gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndoo moja ya propani ili iungue yote inataka ndoo 24 hivi za hewa, na ndoo moja ya butani inataka kama 31, kwa sababu kwenye hewa oksijeni ni asilimia 21 tu, zile nyingine karibu zote ni naitrojeni inayopita tu. Sasa fikiria hizo ndoo zote zinatakiwa ziifikie ndoo moja ya gesi tena kwa wakati, kabla haijapanda juu ikapotea. Zikichelewa, kaboni iliyo ndani ya gesi inabaki chembechembe zinazowaka kwa joto, ndo ule unjano unaouona, na zikigusa chuma cha baridi zinaganda zinakuwa masizi.

Niwe mkweli hapa maana nimesikia watu wanatia chumvi: masizi yenyewe kwa uzito ni kidogo, usidhani nusu ya mtungi wako imegeuka kuwa yale masizi. Hasara inakuja kwa njia zingine. Moto wa njano ni mrefu na mlegevu, unapita pembeni ya karai unakwenda kupasha joto Mwaloni nzima. Masizi yanajipaka chini ya sufuria yanakuwa kama blanketi. Alafu mpishi akiona mafuta hayachemki vizuri anafungua koki zaidi, unjano unaongezeka, na mzunguko unaanza upya.

Dawa ya hii kitu ni ya zamani sana. Mwaka 1855 kule Heidelberg, Ujerumani, profesa wa kemia Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga walitengeneza bana (burner, kifaa cha kuchomea gesi) ya maabara ambayo gesi inachanganyika na hewa ndani ya bomba kabla ya kuwaka, na ndo hiyo hiyo mliyoichezea sekondari, yenye pete ya kuzungusha chini. Ukifunga pete moto wa njano, ukifungua moto wa bluu unavuma. Bana ya mama lishe ni mjukuu wa ile, kanuni haijabadilika.

Gesi inatoka mtungini ikiwa na presha, inapita regyuleta, inafika kwenye nozeli, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano. Ikitoka hapo inatoka kwa kasi kubwa. Umeshaona boti ya injini ikipita karibu na magugu maji, yale magugu yanavutwa yanaifuata? Basi gesi inavyokimbia kuingia kwenye bomba inavuta hewa ya pembeni inaingia nayo. Hakuna feni, hakuna umeme, ni kasi ya gesi tu. Hewa hii ya kwanza kwenye majiko mengi inakuwa kama nusu ya ile inayotakiwa, iliyobaki moto unaichukua wenyewe kutoka pembeni ukishatoka kwenye matundu. Kwa hiyo jiko linapumua sehemu mbili, puani kwenye nozeli na kuzunguka kichwa cha bana, ukiziba mojawapo limekabwa.

Sasa pale puani ndo panawekwa kisahani cha hewa. Kwenye bana tunazotengeneza sisi ni bati nene la duara lenye madirisha, linazunguka mbele ya madirisha mengine yaliyo kwenye mdomo wa bomba, ukilizungusha madirisha yanakutana au yanafichana, na skrubu moja ya kulibana lisihame. Hiki kisahani cha kukatwa kwa mkasi wa bati ndo tofauti kati ya jiko linaloweza kurekebishwa na jiko ambalo umeuziwa lilivyo ukae nalo hivo hivo.

Mafundi wenzangu, hapa nakaa kidogo. Bomba la kuchanganyia wengi mnatumia la inchi moja, sawa, ila mnalikata fupi mno ili kuokoa chuma. Gesi na hewa zinahitaji safari ili zichanganyike, sisi tunaliachia urefu wa mara sita mpaka nane ya kipenyo, yaani kwa bomba la milimita 25 ni kama sentimita 15 hadi 20. Nozeli ielekee katikati kabisa ya bomba, ikipinda kidogo tu gesi inapiga ukuta na mvuto wa hewa unakufa, hapo hata ufungue kisahani chote haisaidii. Na matundu ya kichwani yawe mengi na madogo, usitoboe machache makubwa. Hili la matundu nilijifunza kwa aibu: bana yangu ya kwanza nilitoboa kwa biti ya milimita 5 kwa sababu ndo iliyokuwepo, nikawasha mbele ya wanafunzi, nikapunguza gesi niwaonyeshe moto mdogo, ikalia pap, moto ukapotea juu. Nikadhani umezima. Kumbe umerudi ndani, unawaka kwenye nozeli, bomba linavuma kama jenereta la mbali na likaanza kuwa jekundu. Matundu makubwa yanaruhusu moto kupenya kurudi, madogo yanaunyang'anya joto unashindwa kupita. Ikikutokea funga gesi, subiri chuma kipoe kabisa, ndo uwashe tena na hewa ukiwa umeipunguza. Usimwagie maji.

Tukirudi kwa mama. Jiko lake kwa bahati lilikuwa na kisahani, ila skrubu ilikuwa imeshika kutu na mafuta ya samaki, madirisha yamefungwa karibu yote, na yeye alikuwa anajua ni pambo. Tukazima, tukasubiri lipoe, tukalegeza kwa mafuta ya breki ya kijana wa bodaboda aliyekuwa pembeni anangoja samaki. Ndani ya bomba nikachomoa utando wa buibui na kiganja kizima cha wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wamekauka. Buibui wanapenda sana hizi bomba jamani, jiko likikaa wiki bila kuwashwa angalia.

Kuwasha: kiberiti kwanza, gesi baadaye, na kisahani kikiwa kimefungwa nusu. Moto ukashika wa njano. Nikaanza kufungua taratibu. Unjano ukaanza kurudi chini toka kwenye ncha, ukabaki kama nyuzi nyuzi, ukaisha, na kwenye kila tundu kikajitokeza kijipembe kidogo cha bluu chenye makali, juu yake bluu iliyofifia. Sauti ikabadilika toka kupepea ikawa mvumo wa chini. Nikaendelea kufungua makusudi ili mama aone: moto ukaanza kuruka, umejitenga na matundu, unakata kata unapiga kelele kama unataka kuondoka. Hapo hewa imezidi. Nikarudisha nyuma mpaka ukakaa, nikakaza skrubu. Alafu nikamwambia sasa punguza gesi mwenyewe. Akapunguza, akapunguza tena, mafuta kwenye karai yanaendelea kutokota vile vile, akaniangalia tu.

Vijipembe vya bluu visiguse sufuria. Kikalio cha sufuria kikiwa chini mno chuma kinaupoza moto kabla haujamaliza kazi, na hapo inatoka kabonimonoksaidi, hewa ya sumu, hata kama moto ni wa bluu na sufuria ni safi. Hiyo hewa haina harufu wala rangi, ile harufu kali unayoisikia ya gesi imewekwa kiwandani makusudi ili mtungi ukivuja ujue, kabonimonoksaidi yenyewe haikupi taarifa yoyote. Ukipika kwenye kibanda kilichofungwa kwa maturubai pande zote na kichwa kinaanza kuuma na kizunguzungu, na mwenzako naye analalamika hivo hivo, tokeni nje kwanza.

Kuhusu upepo wa ziwa, mchana unatoka ziwani unaingia nchi kavu, ukiwa Mwaloni au Igogo unaujua. Wengi wanazungushia jiko debe. Ni sawa, ila acha nafasi chini na juu ili ile hewa ya pili iingie, na mtungi ukae NJE ya debe, mbali na joto. Nimeona mtungi umewekwa ndani ya kinga pamoja na jiko nikashindwa hata kuongea.

Kitu kingine cha kwetu: Mwanza tuko juu, ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, ndo maana maharage ya hapa yanachelewa kidogo kuliko ya Dar, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane. Kwa hiyo jiko lililopimwa Pwani likaletwa huku usichukulie mpangilio wake kama msahafu, lipime upya kwa macho.

Na usizibue nozeli kwa waya, nawaomba. Tundu la milimita 0.8 ukilikwaruza likafika milimita 1 unaona kama hakuna kilichobadilika, lakini eneo la tundu limeongezeka zaidi ya nusu, gesi inayopita imeongezeka karibu hivo hivo, na bomba ni lile lile na madirisha ni yale yale. Hapo unjano umejinunulia mwenyewe. Nozeli iloweke kwenye maji ya sabuni ya moto, ipulize, ikigoma nunua nyingine.

Swali ambalo mama aliniuliza na lilinifurahisha ni kwa nini hata kwenye jiko la binti yake nyumbani, zuri la kisasa, moto unakuwa mzuri mtungi ukiwa mpya na unaanza unjano mtungi ukikaribia kwisha. Ni macho makali hayo. Propani inachemka kwa baridi kali, nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inachemka karibu na sifuri, kwa hiyo mle mtungini propani ndo inayowahi kutoka na mwishoni butani inabaki nyingi zaidi, na butani kama nilivyosema ina kiu kubwa ya hewa. Presha nayo imeshuka, haivuti vizuri. Kwenye bana yenye kisahani unafungua kidogo tu inakaa sawa.

Ile presha kushuka inaonekana hata kwenye mtungi wa kilo 6 uliofungwa bana kubwa ya mtaani. Gesi mle ndani iko kama maji, ili itoke inabidi igeuke kuwa mvuke na inachukua joto la mtungi, ukivuta kwa kasi mtungi unatoa jasho, unakuwa wa baridi, moto unanyong'onyea, mtu anasema umekwisha. Haujaisha. Na kuna wanaoupasha moto kwa makaa ili "ukamue" iliyobaki, hiyo ni kucheza na kifo, kwa bana kubwa tumia mtungi wa 15 au 38 basi.

Wakati naondoka yule kijana wa bodaboda akaniuliza jiko la dada yake halina kisahani kabisa, ni bomba wazi, je linawekeka? Linawekeka, ni kipande cha bati, skrubu moja na nusu saa ya fundi, mradi nozeli iwe katikati na bomba lisiwe limekatwa fupi. Alete jiko zima pamoja na regyuleta na mpira wake, maana mpira nao tutaupaka povu la sabuni kwenye maungio tuone kama kuna vipovu kabla hatujagusa kitu kingine. Mtungi auache nyumbani, tunao wa kupimia.