Lugha za Tolkien zilitangulia hadithi

Wasomaji wengi wa riwaya za J.R.R. Tolkien hapa Dar es Salaam huamini kwamba alitunga hadithi kwanza, kisha akaongeza maneno ya ajabu ili kuipamba. Ukweli ni kinyume. Karibu mwaka 1915 alikuwa tayari anaandika msamiati wa Quenya, lugha aliyoibuni mwenyewe. Riwaya yake The Hobbit ilitoka 1937. Mwenyewe alieleza kuwa hadithi zilitungwa ili lugha zipate ulimwengu wa kuishi.

Wala si maneno ya kubahatisha. Quenya ina ladha ya Kifini, na Sindarin, lugha yake nyingine, ina ya Kiwelisi; alizibuni kama ndugu wa chimbuko moja, mfano wa Kiswahili na Kizaramo. Mti ni “alda” kwa Quenya, “galadh” kwa Sindarin. Mzizi ni uleule, ila sauti zimebadilika kwa kanuni: g ya mwanzo imedondoka kwenye Quenya na kubaki kwenye Sindarin. Kwangu, huu ndio ufundi wake mkubwa kuliko hata vita anavyovisimulia, na anayeruka nyimbo na majina ya kale anaukosa. Hadi anafariki 1973, hakuwa ameacha kuzirekebisha lugha hizo.