Kilima cha Little Pigeon Creek: Makaburi Manne na Maziwa ya Msimu Mmoja

Kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani, katika Kaunti ya Spencer, kuna kilima kidogo chenye miti mingi ambapo walowezi wa kwanza wa Little Pigeon Creek walizika watu wao. Wageni wengi hukipanda kwa ajili ya kaburi moja tu, la Nancy Hanks Lincoln, mama mzazi wa Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Mimi ni daktari wa mifugo, na kwangu kaburi hilo halisomeki peke yake. Waliolala karibu naye ndio wanaoeleza alikufaje.

Anza na tarehe. Thomas Sparrow na mkewe Elizabeth walikufa Septemba 1818. Elizabeth alikuwa ndugu wa mama yake Nancy, na ndiye aliyemlea. Wakati huohuo akafa jirani yao Nancy Brooner, mke wa mwindaji Peter Brooner. Nancy Lincoln alikuwa akiwauguza. Sparrow alipoona hali imekuwa mbaya aliandikisha wosia tarehe 21 Septemba, na Nancy akaweka alama yake kama shahidi. Tarehe 5 Oktoba naye akafa. Toka kushuhudia wosia hadi kuzikwa hazikupita hata wiki tatu.

Daktari yeyote akiletewa vifo vinne vya watu wazima katika majuma machache, ndani ya kitongoji cha nyumba chache, huuliza kwanza: hawa walikula na kunywa nini kwa pamoja? Jibu ni maziwa. Wenyewe walijua hivyo, maana ugonjwa waliuita ugonjwa wa maziwa. Kilichowashinda ni kujua sumu imeingiaje.

Iliingia kwa mdomo wa ng'ombe. Chini ya kivuli cha misitu ile huota mmea wenye urefu wa kama mita moja, unaotoa vichala vya maua madogo meupe mwishoni mwa kiangazi. Wataalamu wa mimea huuita Ageratina altissima. Ng'ombe mwenye majani mazuri hana haja nao. Lakini walowezi wa 1818 hawakuwa na malisho yaliyozungushiwa uzio. Walifungulia mifugo msituni ijitafutie, na ukame ulipokausha nyasi, ng'ombe walikula kilichobaki kibichi. Ndiyo maana vifo vya namna hii vilikuja Agosti, Septemba na Oktoba.

Sumu yenyewe, tremetoli, hulimbikizana mwilini. Mnyama anayekula mmea huo siku baada ya siku huanza kutetemeka miguu, hasa akitembezwa, kisha hulala chini asinyanyuke tena. Hapa pana jambo ninalotamani kila mfugaji alielewe. Ng'ombe anayekamuliwa hutoa sehemu ya sumu kupitia maziwa, kwa hiyo yeye mwenyewe anaweza kuonekana mzima huku ndama wake na wenye nyumba wakiugua. Ukimtazama zizini huoni kasoro. Maziwa hayabadiliki rangi, na kuyachemsha, kunakotukinga na vijidudu vingi, hakuiondoi sumu hii.

Mgonjwa hulegea, hukosa hamu ya kula, hutapika bila kukoma, hufunga choo, na pumzi yake hutoa harufu kali ya asetoni, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa sababu mwili umeshindwa kutumia chakula kama kawaida. Mwishowe hupoteza fahamu. Masimulizi ya ukoo yanasema Nancy aliugua kwa muda wa wiki moja hivi. Alikuwa na miaka 34, na mwanawe Abraham alikuwa na miaka 9.

Mumewe, Thomas Lincoln, alikuwa seremala. Yeye ndiye aliyeranda mbao za jeneza, na inasimuliwa kwamba Abraham alichonga vijiti vya kuziunganisha. Mhubiri hakuwepo. Ibada ilikuja kufanywa baadaye, mchungaji David Elkins alipofika.

Kwa miaka mingi kaburi halikuwa na jiwe lenye jina. Jiwe linaloonekana sasa liliwekwa mwaka 1879 kwa fedha za Peter Studebaker, wa ile familia ya watengeneza magari ya kukokotwa huko South Bend. Limeandikwa miaka 35, ingawa kwa tarehe ya kuzaliwa inayokubalika sasa, Februari 1784, ilikuwa bado 34. Mwaka 1962 eneo lote likawa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa. Dada yake Abraham, Sarah, hayupo kilimani. Alikufa akijifungua Januari 1828 na akazikwa kwenye kanisa la Kibaptisti la Little Pigeon, si mbali na hapo.

Mwaka 1830 uvumi wa ugonjwa wa maziwa ulisikika tena. Familia ikapakia mizigo kwenye mikokoteni ya maksai, ikahamia Illinois. Nawaelewa kabisa. Lakini mmea ule uliota Illinois vilevile.

Na ni Illinois, kwa masimulizi ya kule, ambako mkunga na mganga mmoja aitwaye Anna Bixby aliwafuata ng'ombe msituni kuona wanakula nini. Mama mmoja wa Washawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, akamwonyesha mmea wenyewe. Watu wake walikuwa wakiujua. Ilikuwa miaka ya 1830. Anna aliwahimiza majirani wang'oe kila shina, lakini habari hazikuenea mbali, na madaktari waliendelea kubishana kwa miongo mingi, wengine wakilaumu hewa, wengine udongo, wengine maji. James Couch wa Idara ya Kilimo ya Marekani aliitenga sumu hiyo na kueleza habari zake mwaka 1928, miaka 110 baada ya mazishi ya Nancy.

Mmea bado uko kwenye misitu hiyo, na bado unaua farasi, mbuzi na ng'ombe wanaoachwa wakiwa na njaa. Binadamu wamenusurika zaidi kwa sababu misitu ilikatwa, malisho yakazungushiwa uzio, na maziwa ya mashamba mengi huchanganywa kwenye tangi moja hadi sumu ikaisha nguvu. Anayefuga ng'ombe wawili watatu pembeni ya msitu na kunywa maziwa yao mwenyewe hana kinga hiyo, na kiangazi kikiwa kikali anapaswa kuwafungia na kuwaletea majani.