Povu jingi haliondoi harufu ya nepi

Mama wengi hapa Moshi wanaamini nepi ya kitambaa ikinuka, au mtoto akitoka upele, basi sabuni haikutosha. Wanaongeza sabuni ya unga, wanatia Jik, kisha wanamalizia na dawa ya kulainisha nguo. Hapo ndipo tatizo linapozidi.

Sabuni isiyosuuzwa ikaisha hubaki kwenye nyuzi. Inashika mabaki ya mkojo na kuwasha ngozi, na mtoto akikojoa tena, harufu kali ya amonia inapanda. Dawa ya kulainisha nayo hufanya kitambaa kisinyonye vizuri, mtoto anakaa na maji. Na upele unaanzia hasa hapo: unyevu, kinyesi kilichokaa na msuguano.

Kwa hiyo ondoa kinyesi, suuza kwa maji baridi, fua kwa maji ya moto na sabuni kiasi, halafu suuza mpaka povu liishe kabisa. Maji ndiyo ya kumwaga, sabuni ibane. Anika juani. Mwezi wa 6 na wa 7, mawingu yakigoma kuondoka, piga pasi hadi nepi ikauke. Usimvalishe ikiwa na ubichi.

Badilisha kila baada ya saa 2 au 3, na papo hapo akijisaidia. Huna nepi za kutosha? Fulana za pamba za mtumba pale soko la Memorial, ukizikata na kuzikunja, zinanyonya vizuri sana.

Upele ukipita siku 3, au ukiwa mwekundu sana kwenye mikunjo ya mapaja, huenda ni fangasi. Mpeleke kliniki.