Dawa za Mitishamba za Kichina kwa Wanaotafuta Mtoto: Maswali na Majibu

Swali: Tiba ya jadi ya China hulielezaje tatizo la kutoshika mimba?

Jibu: Katika tiba hiyo uwezo wa kuzaa hukaa kwenye figo, ambazo hazichukuliwi kuwa chujio la mkojo tu, bali ghala la asili ya uhai iitwayo jing. Mganga hushika mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, huutazama ulimi, huuliza hedhi inakujaje, kisha humpangia kila mtu mchanganyiko wake. Unaojulikana sana kwa wanawake ni Si Wu Tang, yaani dawa ya vitu vinne: dang gui, chuan xiong, bai shao na shu di huang. Vipande vikavu hupimwa kwa gramu, hurowekwa na kuchemshwa katika chungu cha udongo, na maji yake meusi hunywewa yangali moto.

Swali: Je, zinasaidia kweli?

Jibu: Tafiti nyingi zilizofanyika China zinasema ndiyo, lakini sehemu kubwa ni ndogo na zimepangwa vibaya, kwa hiyo bado hakuna ushahidi wa kutegemewa. Tena chanzo cha tatizo hutofautiana: mirija iliyoziba ni jambo moja, yai lisilopevuka ni jingine. Na mume apimwe shahawa mapema, maana si haki mke kunywa dawa chungu miezi na miezi kwa tatizo ambalo huenda si lake.

Swali: Mimea nayo ina madhara?

Jibu: Ndiyo. Dang gui ikitumiwa pamoja na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kutokwa damu. Lei gong teng, inayotumiwa kwa maumivu ya viungo, hupunguza mbegu za mwanamume na huweza kusimamisha hedhi. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene waliharibika figo baada ya mmea uitwao han fang ji katika dawa zao kubadilishwa na guang fang ji, wenye sumu. Majina yalifanana mno.

Swali: Nimeshaanza kuzitumia. Nifanyeje?

Jibu: Mpelekee daktari pakiti yenyewe, hata kama maandishi yake ni ya Kichina, na umtajie dawa nyingine unazomeza. Unga usio na jina usiunywe. Hedhi ikichelewa, acha dawa hizo na upime mimba kwanza. Ikiwa mmejaribu kwa miezi 12 bila mafanikio, au miezi 6 kwa mwanamke aliyevuka miaka 35, nendeni hospitali wote wawili.