Mishono ya Tabaka Hutangulia Mkasi

Wiki iliyopita nililetewa tena, hapa karakanani kwangu Kampala, koti la rubani wa chombo cha anga lililoshonwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani. Vipande vilikuwa vimekatwa sawasawa na kiolezo, vikawekewa sufi ya poliesta ndani na kupigwa mistari ya mishono, na sasa zipu haifungi kifuani. Mwenye koti aliamini, kama watatu waliomtangulia, kwamba mistari hiyo ni pambo, na pambo huwekwa mwishoni.

Si pambo. Kila mstari unaokandamiza sufi hukilazimisha kitambaa kupanda na kushuka kati ya mshono na mshono, na urefu unaopotelea katika vilima hivyo hutolewa kwenye upana wa koti. Wala kufumua si tiba, kwani kitambaa cha kung'aa tunachonunua Kiyembe hubaki na matundu ya sindano daima. Kwa hiyo shona tabaka zote tatu kwanza, yaani kitambaa cha juu, sufi na kitambaa cha kuishikilia kwa chini, katika kipande kinachozidi kiolezo kwa sentimita 5 kila upande, ndipo ulaze kiolezo na kukata. Kitambaa kitarudi kiasi gani? Unene wa sufi na nafasi kati ya mistari ndivyo huamua. Shona sampuli ya sentimita 30 kwa 30, kisha uipime.

Linalonikera zaidi ni mistari isiyokutana ubavuni. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini huku mguu wake ukikikawiza cha juu, hivyo tabaka huteleza kidogo kidogo hadi kipande cha kushoto kikatofautiana na cha kulia. Anza na mstari wa katikati, kisha uelekee kingoni. Nilifundishwa kubadilisha mwelekeo kila mstari, lakini kufanya hivyo huleta mikunjo ya mshazari katikati ya mistari. Nikishona yote kwa mwelekeo mmoja, kipande kizima huenda upande. Baada ya miaka mingi bado nachagua kwa kutazama sampuli, na simwamini fundi anayedai kuwa na kanuni moja.

Kola na mikono hufuata utaratibu uleule. Kabla ya kuunganisha, fumua mistari hadi kwenye alama ya mshono, uondoe sufi yote iliyo katika ukingo huo wa sentimita 1.5, ufunge nyuzi, ndipo ushone. Ukiiacha, mshono wa kwapani utakuwa mnene kama kamba na mwigizaji hataweza kuinua mkono. Bitana, ambayo si mojawapo ya tabaka zile tatu, iwe ya pamba, nayo ining'inie huru bila kushikwa na mistari, kwa sababu taa za jukwaani zina joto kali.