Alama 36 zinatoka kwa Mwezi tu

Wazazi wa Kihindu hapa Mombasa wakinijia na posa mkononi, huanza na swali hili: "Panditji (ndivyo waniitavyo mimi, mnajimu wao), wamepata ngapi?" Wanauliza alama za kulingana kwa bibi na bwana harusi, katika 36. Zikifika 18 nyuso hukunjuka. Zikipungua, nimeshaona binti akiinuka na kutoka chumbani.

Alama zote hizo zinatokana na Mwezi peke yake. Jyotish, unajimu wa Kihindi, umeigawa njia ya Mwezi katika vituo 27 viitwavyo nakshatra, na Mwezi hukaa takriban siku moja katika kila kimoja. Tunalinganisha kituo cha bibi na cha bwana kwa vipengele vinane, kuanzia varna yenye alama 1 hadi nadi yenye 8. Nadi, mafungu matatu ya vituo hivyo, ndiyo inayotisha, maana inahusishwa na afya na uzazi: wawili wa nadi moja hupata sifuri.

Chukua bibi wa kituo cha Rohini na bwana wa kituo cha Swati. Wote ni nadi ya Antya, alama 8 zimekwenda. Mwezi wa bibi uko katika ishara ya Ng'ombe, wa bwana katika Mizani, ambayo ni ya sita kutoka Ng'ombe, basi bhakuta, kipengele kinachopima umbali wa ishara hizo, nayo inapoteza 7. Wengi huishia hapo. Lakini Ng'ombe na Mizani zote zinatawaliwa na Zuhura, na kanuni inasema mtawala akiwa mmoja, kasoro ya bhakuta hufutika. Mnajimu akilinyamazia hilo, amewadhulumu vijana wale.

Ndiyo maana nikishahesabu alama hufungua kundali, ramani ya nyota za kuzaliwa, ya kila mmoja na kutazama nyumba ya 7 kati ya 12 za ramani hiyo, ile ya ndoa, kisha Zuhura na Mirihi. Hapo saa ya kuzaliwa ndiyo msingi, kwa sababu ishara inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Na Kiswahili kina mtego wake. Mama anasema "saa mbili asubuhi", mtu anaingiza 2 alfajiri kwenye programu ya simu. Zimepotea saa sita, sawa na ishara tatu.

Binti mmoja aliitwa mangliki, yaani mwenye kasoro ya Mirihi katika ndoa, kwa kosa hilo, Mirihi ikasomwa nyumba ya 8, na posa zikawa zinarudi. Nilipoirekebisha saa, Mirihi ilikuwa nyumba ya 5, ambako haihesabiwi kuwa kasoro kwa ndoa.

Siku hizi, kabla sijashika kalamu, namuuliza mama mzazi: mtoto alipotoka, jua lilikuwa limeshachomoza?