Hiba ya fungu katika nyumba ya mirathi

Hiba ni kumpa mtu mali yako bila malipo, ukiwa hai na kwa ridhaa yako. Katika nyumba ya mirathi, unachoweza kutoa ni fungu lako tu. Nyumba nzima si yako.

Tuchukue nyumba ya Chake Chake, Pemba. Baba amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Kwa sheria ya Kiislamu, mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Nyumba ikikatwa mafungu 32, mama ana 4, kaka 14, kila dada 7. Dada aliyeolewa Unguja akitaka kumpa mama yake, atatoa yale 7, na hahitaji nyumba ibomolewe wala igawiwe vyumba kwanza: kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa kwetu Zanzibar, fungu lisilotengwa linatoleka hiba.

Mambo matatu ndiyo yanayoikamilisha: anayetoa atamke, anayepewa akubali, kisha akabidhiwe. Hili la tatu ndilo linaloachwa sana. Mtu anasema "nimekupa", lakini kodi ya chumba cha uani anaendelea kupokea yeye. Akifa kabla ya kukabidhi, fungu linarudi kwa warithi wake, na hapo ndugu hufikishana kwa Kadhi. Akishakabidhi, dada hawezi tena kujirudi. Mzazi aliyempa mwanawe ndiye aliyeruhusiwa.

Hiba ya aliye katika maradhi ya mauti, yaani ugonjwa uliomfisha, huhesabiwa kama wasia. Haivuki thuluthi (sehemu moja ya tatu) ya mali, na kwa mrithi haipiti ila wenzake waridhie. Na dada akilipwa chochote badala ya fungu lake, hayo ni mauzo, yaandikwe hivyo.

Linaloniuma ni ridhaa. Matanga hayajaisha, dada anaambiwa "mwachie kaka yako, wewe una mume", anatia saini kwa haya. Huko ni kumnyang'anya. Mirathi ipigwe kwanza, kila mmoja alijue fungu lake, ndipo aulizwe kama anatoa.

Baada ya hapo iandikwe mbele ya mashahidi, sheha, kiongozi wa mtaa, akijua. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya sheria ya mwaka 1992, mtu ana haki ya kuitumia. Kwa hiyo nyumba yenye hati ihaulishwe serikalini, jina la anayetoa litoke na la anayepewa liingie.